Jina Kaburini, Jina Gazetini

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, juma hili mazungumzo yetu yanahusu makaburi. Najua wapo ambao mkono umeshawaenda kwenye kitufe cha redio, wanasema mtangazaji huyu naye ametuletea uchuro mapema yote hii. Tulieni kidogo. Sikukusudia kuzungumza juu ya mauti, maana hayo kila mtu atayajua kwa zamu yake. Nimekusudia kuzungumza juu ya majina ya watu: yanakaa wapi baada ya wenyewe kuondoka, nani anayatunza, na ni hasara gani inayotupata yakipotea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia dukani, pale muuzaji anapokopesha sukari na mafuta ya taa bila kuandika, mwisho wa mwezi akabaki kushika kichwa. Lakini mji nao una mali yake, na mali ya kwanza ya mji ni watu waliouanzisha na kuujenga. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Waingereza wakauteka mji mwaka 1916. Katika muda wote huo, mbali na Wazaramo na Washomvi waliokuwapo, walikuja Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, Wanubi, Wangazija, Waarabu, Wahindi na Wagoa. Walikuja kubeba mizigo, kuvua, kuuza, kusomesha, kupika, kuandika barua za serikali na kushika bunduki. Wakaoa na kuolewa, wakazaa, na wengi wao wakazikwa hapa hapa. Je, daftari la mali hiyo liko wapi?

Jibu la haraka ni kwamba liko makaburini. Hebu basi tuende makaburini. Pita Kisutu, katikati ya jiji, ambako maghorofa yamewazunguka marehemu pande zote. Utaona makaburi yaliyojengewa vizuri na yenye maandishi, lakini utaona pia mengi yenye mashahidi wawili tu, mmoja kichwani na mmoja miguuni, bila herufi hata moja. Mengine hata mashahidi hao wamekwishaanguka, yamebaki matuta, na tuta nalo mvua za masika zinalishusha kila mwaka. Nenda Kinondoni. Huko utaona marumaru na vigae vinavyong'aa, na kando yake utaona misalaba ya mbao ambayo rangi ya maandishi yake imeliwa na jua. Mwenye uwezo ameandikwa kwenye jiwe, na asiye na uwezo ameandikwa kwenye ubao. Jiwe linakaa, ubao unaliwa na mchwa. Kwa hiyo daftari la makaburini, ukilisoma peke yake, litakwambia kwamba mji huu ulijengwa na matajiri tu.

Zamani jambo hili halikuwa na shida kubwa, kwa kuwa daftari lilikuwa vichwani mwa watu. Wazee wa mtaa waliohudhuria maziko walijua nani amelazwa wapi: fulani yuko chini ya mwembe, mdogo wake hatua tatu upande wa kibla. Kwa desturi ya watu wa pwani wanawake hawaendi kuzika, lakini wao ndio waliojua nasaba: nani alimzaa nani, nani alinyonya pamoja na nani, shangazi yupi aliolewa Bagamoyo na mjomba yupi alihamia Kilwa. Kwa maneno mengine, wanaume walijua mahali na wanawake walijua ukoo, na ilitakiwa nusu hizo mbili zikutane ndipo habari ikamilike. Mzee mmoja akifariki, nusu moja inapotea. Na siku hizi watoto wa nyumba moja wanaishi Mbezi, Mwanza, Muscat na London, hizo nusu mbili hukutana lini?

Ndugu wasikilizaji, msidhani nazungumza juu ya hofu tupu. Jambo la kupoteza majina limekwisha kutokea katika mji huu. Pale katikati ya jiji ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wetu tunaipita kila siku tukiwa ndani ya daladala na hatusomi kilichoandikwa chini yake. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, na yanawaahidi kwamba hata kama wamekufa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Maneno ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza. Kwa hakika ni ahadi nzuri.

Sasa sikilizeni yaliyotokea miaka 41 baadaye. Mwaka 1968 ilipangwa kujengwa barabara mpya, na makaburi 660 ya vita hiyo, yaliyokuwa katika makaburi ya Ocean Road, yakalazimika kuhamishwa. Yalipelekwa kwenye makaburi mapya ya vita, yale yaliyopo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wale waliokuwa na jiwe na jina walihamishwa na jina lao. Lakini katika sehemu walizozikwa Waafrika, Wakristo, Waislamu na wasio na dini hizo mbili, makaburi hayakuwa yamewekewa alama moja moja. Kwa sababu hiyo wakazikwa upya kwa pamoja, katika makaburi ya jumla, na juu yake pakajengwa ukuta wa ukumbusho. Hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani. Sanamu ilikuwa imeahidi kwamba majina yatakumbukwa na watoto, lakini siku ya kuhamisha mifupa hapakuwa na daftari la kumwambia mtoto baba yake ni yupi.

Tunaishi katika mji ambao mtaa wake mkubwa wa biashara, Kariakoo, umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Jina la kikosi tunalitaja kila tunapokwenda kununua mchicha. Majina ya watu waliokuwa ndani yake yametuponyoka.

Basi daftari tutalipata wapi? Napenda kuwaelekeza mahali ambapo wengi hawafikirii, nako ni katika magazeti ya zamani. Sizungumzii ukurasa wa mbele wenye picha ya gavana. Nazungumzia zile safu ndogo za ndani, ambazo msomaji wa leo angezipita bila kuzitazama.

Mwezi Januari 1923 serikali ya Waingereza, kupitia Idara ya Elimu, ilianzisha hapa Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali, na lilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Lakini ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoitwa Habari za Miji. Sehemu hiyo haikuandikwa na Wazungu. Iliandikwa na walimu, makarani na wasomaji wengine wa kawaida waliokuwa wakituma barua kutoka Tanga, Lindi, Tabora, Bukoba, Songea na kwingineko. Walieleza mvua imenyesha vipi, mahindi yamefika bei gani, timu gani ya mpira imeshinda, ngoma ya beni ya Marini imewazidi vipi Arinoti. Na katikati ya hayo waliandika nani kaoa, nani kahamishwa kazi, nani kapata mtoto na nani amefariki: amefariki siku gani, alikuwa akifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi, na maziko yake yalihudhuriwa na watu gani.

Desturi hiyo haikuanza na Mambo Leo. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa na gazeti la Habari za Mwezi huko Magila mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Tanga, na hapa Dar es Salaam wamisionari wa Kilutheri walikuwa na Pwani na Bara. Na desturi hiyo haikuishia kwa Mambo Leo. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyeishi hapa mjini, alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika na lenye kusema ya Waafrika. Likaja Zuhra la Ramadhani Mashado Plantan. Ikaja Mwafrika mwaka 1957, ikaja Ngurumo mwaka 1959 ambayo hata kinyozi na mchoma mihogo waliweza kuinunua, ikaja Uhuru mwaka 1961. Kila moja lilikuwa na pembe yake ya tanzia, shukrani za waliofiwa, na barua za wazee wakikumbushana ya zamani.

Hizo, ndugu zangu, ndizo mawe ya makaburi ya watu wasiokuwa na mawe. Karani ambaye kaburi lake leo ni tuta lisilo na alama huenda ana mistari sita katika toleo la mwaka 1931. Mistari hiyo ina jina lake, jina la baba yake, kazi yake na tarehe. Mwanawe alisha. Mjukuu wake anaishi na hajui kwamba mistari hiyo ipo.

Sisi wa redio tuna la kusema katika jambo hili. Utangazaji ulipoanza hapa mwaka 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na baadaye katika iliyokuwa Redio Tanzania, hakuna kipindi kilichosikilizwa kwa makini kuliko matangazo ya vifo. Mtu aliacha kijiko hewani. Na wale mnaokumbuka mtakumbuka jinsi matangazo hayo yalivyopangwa. Kwanza anatajwa mfiwa anayesikitika kutangaza, kisha marehemu, kisha mahali na saa ya maziko, halafu ndiyo inakuja ile sehemu ndefu: habari zimfikie kaka wa marehemu aliyeko Kigoma, dada aliyeko Muheza, mjomba aliyeko Kilosa, mkwe wa marehemu aliyeko Reli Tabora, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tazameni vizuri maneno hayo. Yale si tangazo tu. Ni mti wa ukoo mzima umesomwa kwa dakika moja, pamoja na mahali kila tawi lilipo na kazi linayoifanya. Kwa miaka mingi taifa hili lilisomewa nasaba zake kila siku, asubuhi na jioni.

Lakini sauti ni upepo. Mtangazaji akimaliza kusoma, karatasi ile inatupwa, na lile lililosemwa haliokotwi. Gazeti, hata likifungiwa vitumbua, lina nakala nyingine iliyobaki maktaba. Ndiyo maana mimi mtu wa redio leo nawasifia watu wa magazeti, jambo ambalo, wenyewe mnajua, si desturi yetu. Na siku hizi tanzia zetu tunatumiana katika makundi ya WhatsApp. Zinafika haraka kuliko redio na gazeti, na mchango unapatikana mapema. Lakini simu ikiibiwa, au kundi likivunjwa baada ya arobaini, tanzia nayo imekwenda. Tumepata wepesi, hatukupata daftari.

Niwape mfano mmoja wa ukoo unaojulikana, ili tuone faida ya karatasi. Mwishoni mwa karne ya 19 Hermann von Wissmann, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alileta huku askari kutoka Inhambane, Msumbiji, waliojulikana kama Wazulu. Mmoja wao aliitwa Sykes Mbuwane. Inasimuliwa katika ukoo wake kwamba alikufa maji mtoni akiwa njiani kurudi kutoka vita dhidi ya Mtwa Mkwawa. Mtu wa aina hiyo hana kaburi la kwenda kusomewa fatiha. Kwa kawaida habari zake zingekwisha pale pale mtoni. Lakini mwanawe, Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alikuwa mtu wa kalamu. Alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi Reli, akawa mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, na kabla ya kufariki mwaka 1949 alikuwa ameacha maandishi juu ya maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akayatumia maandishi hayo kuandika sura katika kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said, mtu wa Dar es Salaam aliyeandika sana magazetini habari za wazee wa mji huu, akatoa kitabu mwaka 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, aliyeishi kuanzia 1924 hadi 1968 na kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU.

Kitabu hicho kilizua mjadala, na mpaka leo wapo wanaokikubali na wapo wanaobishana nacho juu ya nani alifanya nini katika kupigania uhuru. Mimi leo siingii katika mjadala huo. Ninachotaka mkione ni kwamba mjadala wenyewe umewezekana kwa sababu ya karatasi. Ally Sykes, ndugu yake Abdulwahid, alipozikwa Kisutu mwaka 2013, waandishi wa habari waliweza kueleza vizazi vitatu vya ukoo wake bila kubahatisha. Na yule Mashado Plantan mwenye gazeti la Zuhra, niliyemtaja punde, alikuwa mtoto wa Affande Plantan, mkubwa wa askari wale wale waliotoka Inhambane, ambaye ndiye aliyemlea Kleist baada ya baba yake kufa maji. Mnaona jinsi uzi unavyovutika? Unaanzia kwenye gazeti moja lililosahaulika, unafika kwenye mto, unafika Msumbiji.

Sasa jiulizeni: ni koo ngapi za Ilala, Gerezani, Buguruni na Magomeni ambazo babu yao naye alikuwa na habari kama hiyo, lakini hakuwa na mtoto wa kalamu wala mjukuu wa kuandika kitabu? Hao ndio wanaohitaji zile safu ndogo kuliko mtu mwingine yeyote.

Sitaki niwadanganye kwamba safu hizo hazina kasoro. Zinazo. Kwanza, walioandika walikuwa watu waliojua kusoma, nao waliandika zaidi juu ya wenzao: karani alimwandika karani, mwalimu akamwandika mwalimu. Mpagazi na kuli wa bandarini hawakupata mistari mingi. Pili, marehemu akiandikwa gazetini hana ubaya. Wote walikuwa wapole, wote walipendwa na wakubwa wao wa kazi, na wote waliacha pengo lisilozibika. Anayesoma na asome kwa akili. Tatu, na hili ndilo kubwa, wanawake mara nyingi walitajwa bila majina: mke wa karani fulani, mama wa mwalimu fulani. Wakati mitaani wanawake wa pwani walijulikana kwa majina yao na ya baba zao, binti fulani na binti fulani, na waliongoza vyama vya ngoma na baadaye wakaijaza TANU wanachama kwa maelfu, gazeti liliwaacha mlangoni. Hapa karatasi peke yake haitoshi. Hapa tunawahitaji bibi zetu walio hai waseme, na sisi tuandike.

Wapo pia watakaosema, mtangazaji, dini inakataza makaburi kujengewa na kuandikwa. Ni kweli wapo wanazuoni wanaosema hivyo, na mimi si mtu wa kubishana na masheikh. Lakini ninachokiomba si kujenga juu ya kaburi. Kaburi liacheni lilivyo, na udongo wake na mashahidi wake. Ninaomba jina liandikwe katika daftari, nyumbani au msikitini, kama wanavyoandika makanisa katika vitabu vyao vya mazishi. Dini ambayo wanazuoni wake walishika minyororo ya majina ya wapokezi wa hadithi kwa karne nyingi, huyu kutoka kwa huyu kutoka kwa huyu, haiwezi kuwa adui wa daftari la majina.

Wengine nao watasema, yote hayo ya nini? Waliokufa wamekufa, tuna shida za maji na ada za shule. Nami nawajibu kwamba jambo hili linawahusu walio hai, tena linagusa haki zao. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, iliyotungwa mwaka mmoja tu baada ya yale yaliyotokea Ocean Road. Sheria hiyo inairuhusu serikali kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Lakini inawatambua pia ndugu na watu wa karibu wa marehemu, na inataja fidia ya gharama zao: za kufukua, za kusafirisha, za kuzika upya, na hata za matambiko. Hiyo ni haki. Lakini haki hiyo ataidai nani? Ataidai yule anayeweza kusimama mbele ya ofisa na kusema kaburi hili ni la bibi yangu, jina lake ni hili, alizikwa mwaka huu. Asiyejua lilipo kaburi la bibi yake atasimama na kusema nini? Mji unapanuka, barabara zinaongezwa njia, na maeneo ya kuzikia yaliyokuwa pembezoni leo yako katikati. Kinondoni pamejaa. Siku tangazo likibandikwa mtini, mwenye daftari atasikilizwa na asiye na daftari atabaki kuwa mtazamaji wa ukuta wa ukumbusho.

Kuna na jambo la heshima. Wataalamu kutoka nje wamekwisha kuzisoma safu zetu hizi. John Iliffe alizitumia alipoandika historia kubwa ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, na James Brennan akayatumia magazeti ya Kiswahili alipoandika juu ya mji huu katika kitabu kilichotoka mwaka 2012. Wamefanya kazi njema na tunawashukuru. Lakini si fahari kwamba mgeni anajua kilichoandikwa juu ya babu yako katika lugha yako, na wewe hujui. Mkataa kwao mtumwa, na asiyejua kwao, je?

Basi tufanye nini? Sitawaambia tuunde kamati. Kamati tunazo za kutosha. Nitawaambia mambo manne yanayowezekana kwa mtu wa kawaida.

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari. La kurasa mia moja linatosha. Liandikwe jina la kila marehemu anayekumbukwa, baba yake, mama yake, kazi yake, mwaka wa kufariki, na mahali alipozikwa kwa maelezo ambayo mgeni anaweza kuyafuata. Siku ya hitima au ya misa ya kumbukumbu, watu wanapokuwa wamekusanyika, hiyo ndiyo siku ya kulijaza. Wazee waulizwe kabla ya pilau, maana baada ya pilau watu husinzia.

Pili, twendeni tukayasome magazeti. Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967 ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Idara ya Nyaraka za Taifa ipo Upanga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina sehemu ya vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Nenda na adabu, nenda na kalamu ya risasi, uliza utaratibu. Karatasi za zamani zinavunjika kama chapati kavu, kwa hiyo zisifunuliwe kwa pupa.

Tatu, walimu wa historia. Mpeni mwanafunzi toleo moja la zamani na mumwambie atafute jina moja, kisha akaulize mtaani kwao kama kuna anayelijua. Atajifunza historia zaidi katika juma hilo kuliko katika muhula mzima wa kukariri tarehe.

Nne, wahariri wa magazeti, mkiwemo ninyi mnaoyachapa mazungumzo haya. Rudisheni Habari za Miji. Siombi kurasa nyingi, naomba robo ya ukurasa mara moja kwa juma, ambapo msomaji wa Lindi au wa Temeke anaweza kuandika ya kwao: nani amefariki, alitoka wapi, alifanya nini. Mwanasiasa na mwanamuziki wanapofariki mnawapa kurasa. Mpeni na fundi baiskeli mistari sita. Baada ya miaka tisini kuna mtu ataitafuta mistari hiyo kwa machozi.

Ndugu wasikilizaji, wale wa Ocean Road hatuwezi tena kuwarudishia majina yao kaburini. Lakini wapo wengine wengi, wa Kisutu na Kinondoni na vijijini kwenu, ambao majina yao bado yanajulikana na mtu mmoja au wawili walio hai juma hili. Mkiizima redio leo, mpigieni simu mtu huyo, mkiwa na kalamu mkononi.

Hadi juma lijalo, nawatakia heri.